Kindle, Kobo au tableti? Nina nafasi ya kitu kimoja tu kwenye sanduku la Brussels

#1 Silabusi_Nzito (Lubumbashi)
Jambo wakubwa. Mimi ni asistanti chuoni hapa Lubumbashi. Bega linaniuma kwa kubeba silabusi za mihadhara, makala za tasnifu yangu, na riwaya moja ya kujiliwaza nikisubiri taksi-basi. Simu nimeichoka, ikifika usiku macho yananiwasha. Sasa kuna ndugu anakuja kutoka Brussels mwezi ujao, ameniambia ana nafasi ya kitu kimoja tu. Nichukue kifaa cha kusomea vitabu chenye skrini ya wino, yaani Kindle Paperwhite au Kobo Clara BW, au niviache vyote nitafute tableti ya kawaida? Mfuko wangu ni dola 200, usizidi. Sehemu kubwa ya ninachosoma ni PDF, na nyingi ni skani za fotokopi ya fotokopi. Umeme wa kwetu mnaujua.

Naomba ajibu aliye nacho mkononi, si aliyekiona kwenye tangazo.

#2 Dar_Msomaji
Paperwhite, funga uzi. Ninayo ile ya 2021: inchi 6.8, nukta 300 kwa inchi, tundu la USB-C. Huwa naichaji halafu nasahau chaja nimeiweka wapi.

#3 MwanaKenya
Jambo bandugu. Miye niko na Kobo Clara HD, ile ya zamani. Iko muzuri sana. Bitabu ya EPUB, ile fomati ya kawaida ya bitabu ya digitali, unatia na kamba tu, inasoma, hakuna kuomba mutu ruhusa. Ile ingine, Kindle, ukiitia EPUB na kamba inafanya kama haiioni.

#4 Nairobi_Kabisa
@MwanaKenya karibu nyumbani. Uko kaunti gani?

#5 MwanaKenya
Kenya ni komine ya Lubumbashi, ndugu. Tuko na soko yetu, vumbi yetu, na kelele yetu. Kaunti hatuna.

#6 Nairobi_Kabisa
😂😂 Nimenyamaza.

#7 Kalamu_Kavu (Lubumbashi)
Nimkamilishie MwanaKenya. Ni kweli Kindle haisomi EPUB uliyoiweka kwa waya. Lakini tangu 2022 Amazon, wenye Kindle, wanaipokea ukiituma kwa huduma yao ya Send to Kindle: faili linapanda kwao, linageuzwa, linashuka kwenye kifaa chako. Kwa mtu wa Dar mwenye Wi-Fi ya nyumbani hilo si tatizo. Kwa mtu anayehesabu megabaiti, kila kitabu kinapanda na kushuka kwa pesa yako.

Dawa ipo: Calibre. Ni programu ya bure ya kompyuta, Kovid Goyal aliianza 2006 kwa ajili ya kifaa cha Sony. Inageuza EPUB kuwa AZW3, fomati ya Kindle, unaingiza kwa waya bila intaneti. Kwa hiyo fomati isiwe sababu ya mtu kuikataa Kindle. Sababu zipo nyingine.

#8 Mama_Furaha (Bukavu)
Asistanti, wote hapo juu wanakujibu kuhusu riwaya. Wewe umesema PDF.

Chukua rula. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo cha inchi 6 kina upana wa kama sentimita 9. Ukurasa mzima ukiingia humo, herufi ya pointi 12 inabaki pointi 5 hivi, ile ya maandishi madogo chini ya dawa. Ukikata pambizo unapata nafuu kidogo, lakini kwa skani ya fotokopi utalia. Mimi ni mwalimu, silabusi nasoma kwenye tableti ya inchi 10 na riwaya kwenye Kindle ndogo. Ningelazimishwa kubaki na kimoja ningebaki na tableti, na roho ingeniuma.

#9 Dar_Msomaji
Mama Furaha, Kindle unaigeuza upande, unasoma nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja. Na ile huduma ya kutuma inaweza kuigeuza PDF kuwa kitabu cha kawaida chenye herufi za kukuza.

#10 Mama_Furaha (Bukavu)
Kukuza herufi ni kwa PDF yenye maandishi ndani, mwanangu. Skani ni picha. Utakuza nini?

#11 Silabusi_Nzito
Asante Mama, hesabu ya rula imenitisha kweli. Nimesikia kuna kitu kinaitwa KOReader, eti kinasoma hata skani. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?

#12 Kalamu_Kavu
Ni kweli, ila kina mipaka. KOReader ni programu huru. Ndani yake kuna kifaa cha k2pdfopt kinachotazama picha ya ukurasa, kinakata neno moja moja na kuyapanga upya kwenye mistari mifupi. Ukurasa wa maneno matupu unasomeka vizuri hata kwenye inchi 6. Ukileta jedwali, fomula au tanbihi ndefu, unapata mchanganyiko usiojua kichwa wala mkia. Inasoma pia DJVU, fomati ambayo wapiga skani wa zamani waliipenda.

Kwenye Kobo unaiweka kwa waya, dakika chache. Kwenye Kindle lazima kwanza uvunje kufuli, yaani uondoe vizuizi vya Amazon ili ikubali programu ya nje. Mwanzoni mwa 2025 ilitoka njia moja, WinterBreak, kisha Amazon wakaiziba kwa sasisho. Kindle ya dukani leo usiinunue ukitegemea hilo.

Uzuri ni kwamba KOReader ipo pia kwa simu za Android. Asistanti, iweke leo kwenye simu yako, fungua skani yako mbaya kuliko zote, uone inavyokatwa. Hutalipa hata faranga.

#13 Wa_Lupopo
Kalamu_Kavu na Kobo yake ni sawa na shabiki wa Mazembe na fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu ya 2010. Ukimuuliza saa atakusimulia Abu Dhabi.

#14 Kalamu_Kavu
Tulifika, ndugu. Inter walitupiga 3, lakini tulifika. Ninyi wa timu ya Lupopo mlikuwa mnaangalia wapi?

#15 Wa_Lupopo
Nilikuwa nasoma kitabu cha karatasi. Hakikuhitaji kuvunjwa kufuli.

#16 Fundi_Simu (Kamalondo)
Nirudi kwenye mada kabla hamjaanza ligi.

Hivi vifaa nimeviona mezani kwangu, vya kampuni mbalimbali, na ugonjwa ni ule ule: kioo. Watu wanafikiri kwa kuwa kinafanana na karatasi basi ni karatasi. Kwenye vingi, chini ya wino kuna bamba la kioo chembamba sana. Unakitia kwenye begi pamoja na gameli na madaftari, unaingia taksi-basi ya Katuba, mama mwenye beseni anakaa juu ya begi, basi kwaheri. Kwa nje huoni ufa, ila nusu ya skrini imeganda. Kioo kipya kukiagiza kinakaribia bei ya kifaa chenyewe, ndiyo maana wengi nawarudishia bila kugusa.

Watu wanauliza maji. Clara BW na Paperwhite zote ni IPX8, yaani kina cha mita 2 cha maji yasiyo ya chumvi kwa saa moja. Sawa, lakini hapa kwetu hakuna anayesomea ndani ya bwawa. Nunua kasha gumu kwanza.

Jambo moja la kuwasifu Kobo: tangu modeli za 2024 wameshirikiana na iFixit, maelekezo ya kufungua na vipuri vinapatikana. Kuvifikisha Kamalondo ni habari nyingine.

#17 Kasumbalesa_Express
Wakubwa, kwa nini kusubiri Brussels? Mimi napita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila wiki, vya mtumba vipo. Lakini kwa kuwa ni ukumbi wa heshima niwaambie ya kuangalia kabla ya kutoa pesa:

Kindle iliyoripotiwa kuibiwa haikubali kusajiliwa kwenye akaunti mpya. Mwambie muuzaji aifute na kuisajili mbele yako. Akikuambia "mtandao leo hauko", mtandao utakuwa hauko kila siku. Kindle za soko la Marekani nyingi ni zile za bei ya chini zenye matangazo kwenye skrini ikiwa imelala. Hazina ubaya, ni kero tu. Kobo ukiiwasha mara ya kwanza inataka akaunti na intaneti, lakini kuna ujanja: iunganishe na kompyuta, fungua faili la Kobo eReader.conf, andika SideloadedMode=true. Inakuwa mashini ya kusomea tu, bila duka.

#18 Wa_Lupopo
Huyu ameshaanza kuuza ndani ya uzi.

#19 Kasumbalesa_Express
Nimetaja bei wapi?

#20 Yaya_Nono (Goma)
Samahani naingilia. Ninacho kimoja cha aina hizi, jina naliacha ili msiwake moto. Boksi liliandika betri inakaa wiki nyingi. Kwangu haimalizi hata wiki moja. Tatizo ni nini? Dada yangu anacho hicho hicho na chake kinakaa.

#21 Fundi_Simu
Yaya, unachajia nini? Umeme ukirudi ghafla unarudi na hasira, na chaja za bandia haziuzuii. Betri inachoka mapema. Nadhani ni hilo.

#22 Dar_Msomaji
Taa. Utakuta umeipandisha mpaka mwisho.

#23 MwanaKenya
Wi-Fi. Umeme ikikatika, ruta inakufa, kifaa inabaki inatafuta usiku muzima. Njo inakula betri.

#24 Kalamu_Kavu
Ninyi wote mmeruka neno "wiki". Tazameni wanavyolihesabu. Paperwhite ya 2021 ilitangazwa kwa wiki 10, ila chini yake wameeleza: nusu saa ya kusoma kwa siku, Wi-Fi imezimwa, taa kwenye 13. Siku 70 mara nusu saa ni saa 35. Mtu anayesoma saa 5 kwa siku anazimaliza ndani ya wiki moja, na hajadanganywa. Yaya, unasoma saa ngapi kwa siku?

#25 Yaya_Nono
Sisomi sana, jioni tu. Dada ananizidi. Ndiyo maana nashangaa.

#26 Mama_Furaha
Uliweka vitabu vingi kwa mpigo? Kifaa kikipokea vitabu kinavisoma chenyewe kimoja kimoja ili uweze kutafuta maneno ndani yake. Ukikibwagia vitabu mia tano kinafanya kazi hiyo mchana na usiku. Na faili moja bovu linaweza kukikwamisha, kinajaribu tena na tena.

#27 Yaya_Nono
Eeh. Kuna mtu alinipa flashi nzima...

#28 Fundi_Simu
Bado nasema chaja. Hiyo kazi ya kupanga vitabu ina mwisho wake.

#29 Mzee_wa_Likasi
Vijana, mnabishana kuhusu betri na kioo, ilhali la msingi ni nani mwenye kitabu. Julai 2009 Amazon walifuta vitabu vya George Orwell ndani ya Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Walirudisha pesa, na Bezos mwenyewe akaomba radhi, lakini mkono uliingia chumbani mwa watu. Agosti 2022 Kindle kadhaa za zamani zikakatwa na duka, hazikuweza tena kununua kitabu moja kwa moja kwenye kifaa. Tarehe 26 Februari 2025 wakaondoa ile njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Mlango mmoja mmoja unafungwa.

Ninayo Kindle ya mwaka 2010 yenye vibonye vya herufi. Inafanya kazi mpaka leo kwa kuwa sikuwahi kununua kitabu humo. Vyote ni vya bure au nimepewa na waandishi.

#30 Dar_Msomaji
Mzee wangu, shikamoo. Lakini Kobo nao wana kufuli zao za kuzuia kunakili vitabu, zile za Adobe. Tusiwafanye malaika. Na ni kampuni ya Kifaransa, Wafaransa hawatoi kitu bure.

#31 Kalamu_Kavu
Ya Kifaransa? Kobo ilianzishwa Toronto 2009, na tangu Januari 2012 ni mali ya Rakuten ya Japani. Fnac, maduka ya Ufaransa, ni washirika wao wa kuuza tu. Labda umeichanganya na Vivlio, hao ndio wa Ufaransa, na vifaa vyao vinatengenezwa na PocketBook.

#32 Dar_Msomaji
Kanada, Japani, Ufaransa, kote huko hakuna anayenijua. Hoja ya Adobe iko pale pale.

#33 Mzee_wa_Likasi
Marahaba mwanangu. Hoja ya Adobe ni halali. Ila wachapishaji wengi wa Ufaransa wameacha kufuli, wanatia alama ya mnunuzi ndani ya faili. Kwa sisi tunaosoma Kifaransa, EPUB ya namna hiyo inaingia kwenye Kobo au PocketBook bila matata.

Na asistanti, kabla ya kununua chochote, pitia Les Classiques des sciences sociales ya Chicoutimi, Kanada. Jean-Marie Tremblay aliianza 1993. Maandishi ya sayansi ya jamii, bure, na mengi yako kwenye Word. Word ya DOCX ikipita Calibre inakuwa EPUB safi, si skani; ile ya zamani ya .doc ihifadhi kwanza kama DOCX. Pengine nusu ya fotokopi zako zimelala huko zikiwa zimechapwa upya.

#34 Silabusi_Nzito
Mzee, umeniokoa usiku mzima! Nimekuta matatu niliyokuwa nabeba. Ninyi wengine, KOReader kwenye simu nimejaribu: silabusi moja imekatwa vizuri, ya takwimu imekuwa supu.

Sasa Kiswahili. Nikigusa neno la Kiswahili, kamusi inanionyesha Kiingereza. Hakuna kamusi ya Kiswahili?

#35 Kalamu_Kavu
Kamusi haichagui neno, inafuata lugha iliyoandikwa ndani ya faili. Vitabu vingi vya Kiswahili vinavyozunguka vimeandikwa "en" na aliyevitengeneza kwa haraka. Fungua Calibre, badilisha lugha iwe Kiswahili. Baada ya hapo utahitaji kamusi ya kuongeza mwenyewe, na kwa hilo KOReader inakubali zile za fomati ya StarDict.

#36 MwanaKenya
EPUB ya Kiswahili cha kwetu kabisa, cha Congo, miye nimeona ku jw.org tu, ya Mashahidi wa Yehova. Sisali kwao, lakini ukweli useme: bamewaza batu ya huku.

#37 Nairobi_Kabisa
Nimefika ukurasa huu nikiwa na swali moja. Mbona hakuna anayejibu kuhusu macho? Jamaa alianza na macho yanayowasha.

#38 Fundi_Simu
Ndani ya kioo cha wino kuna vidonge vidogo mno, vina chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme unavuta hizi juu au zile, kisha zinakaa hapo hata ukiukata. Hakuna taa inayokupiga usoni kutoka nyuma kama kwenye simu. Macho yanapumzika.

#39 Dar_Msomaji
Na ule mwanga wa buluu haupo.

#40 Mama_Furaha
Taa ya mbele nayo ni mwanga, na ukiiweka nyeupe ina buluu yake. Mimi naona macho yanachoka kwa sababu nyingine: kwenye simu herufi ni ndogo, tunaikaribisha usoni, na tunasahau kupepesa. Tableti niliyoipunguza mwanga hainiwashi.

#41 Wa_Lupopo
Macho yanawasha kwa sababu anasoma silabusi za takwimu usiku.

#42 Silabusi_Nzito
🙄 Lupopo.

Haya, hali ilivyo: ndugu wa Brussels ameandika kwamba ile "nafasi ya kitu kimoja" sasa ni gramu chache tu, mkewe ameshajaza. Tableti ya inchi 10 imejitoa yenyewe. Clara BW nimeona ina gramu 174. Bei wakati inatoka Marekani ilikuwa dola 129.99, Paperwhite ya 2024 ilikuwa 159.99, huko Ulaya sijui watanibandikia nini na kodi. Naegemea Clara na kasha la Fundi. Za takwimu nitaendelea kuzibeba mgongoni.

#43 Dar_Msomaji
Utarudi hapa unalia unatafuta Paperwhite. Ile inchi moja zaidi ya Paperwhite mpya si mchezo kwa PDF.

#44 Mama_Furaha
Inchi moja haimtoshi. Akusanye pole pole anunue ya inchi 10.

#45 Kasumbalesa_Express
Kasha la Clara ninalo. Inbox.

#46 Wa_Lupopo
Nilisema!

#47 Yaya_Nono
Jamani nimefuta vitabu vyote vya ile flashi, nimezima Wi-Fi, taa iko chini. Betri imekaa zaidi kuliko zamani, lakini ya dada bado inanishinda.

#48 Fundi_Simu
Badilishana chaja na dada.

#49 Kalamu_Kavu
Hapana, badilishaneni vifaa, kila mtu abaki na chaja yake. Mkibadilisha vyote viwili hatutajua kitu.

#50 Yaya_Nono
Dada amekataa.